Kilio Nilichomnyima Mama

Watu wa korali ya parokia yetu hapa Kamina wana tabia ya kunitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu mama alifundishwa kuimba na soprano wa opera, muzungu wa kule Amerika ya Kusini." Wanasema kwa majivuno, kana kwamba hiyo opera ni mjomba wetu. Mimi natabasamu, natoa mkono. Moyoni nasema: ndiyo, alinifundisha, na masomo yake yamenifikisha mahali ambapo ndugu za mama yangu hawanywi maji nyumbani kwangu mpaka leo.

Acha niieleze yote, kwa sababu watu wanapenda nusu yake tu.

Mama yangu aliuza sokoni samaki wakavu wa Kinkondja. Baba, mtu wa reli, alikufa ningali mdogo, na mama alinilea peke yake katika nyumba ya matofali ya kambi ya wafanyakazi, karibu na stesheni. Lakini jina la mama halikutokana na samaki. Lilitokana na kilio. Kwa watu wa upande wake, maiti ikiingia lupangoni, ndani ya uwanja wa nyumba, lazima mwanamke mmoja afungue kilio. Anatupa sauti juu, anamwita marehemu, anamuuliza anaenda wapi na watoto anamwachia nani. Wengine wakishamsikia ndipo nao wanapata njia ya kulia. Kilio kikifunguliwa vibaya, marehemu anaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Mama alifungua vilio vya kambi nzima, vya Waluba, vya watu wa Kasai, hata vya wale walioletwa na reli kutoka mbali na ambao lugha yao hakuijua. Mimi, tangu nilipokuwa na miaka kumi hivi, nilikuwa nampokea. Yeye anatupa sentensi, mimi naidaka mwisho wake na kuipandisha. Tulikuwa tunarudi nyumbani koo zimekauka, tunakunywa maji, na mama anasema, "Leo tumemulia muzuri." Siku hizo nilijiona mtu kati ya watu.

Madamu, ndivyo tulivyomwita yule soprano, alinisikia kwenye kilio. Hilo ndilo jambo ambalo hawa wa korali hawalisemi kamwe. Alikuwa amefika Kamina miezi michache kabla, akikaa kwa masista na kufundisha muziki kwenye shule yao. Yeye mwenyewe hakuwa sista. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye kitambaa shingoni hata jua likiwaka, na wauza mihogo sokoni walikuwa wanaulizana yule anaogopa baridi ya wapi. Mwalimu mmoja wa shule alifariki. Mama akafungua, mimi nikapokea, na Madamu alikuwa amekaa pale kati ya masista. Kesho yake alituma mtu aniite. Akanisimamisha kando ya kinanda cha umeme, akapiga noti, akapandisha, akapandisha tena, mimi namfuata tu. Mwishowe akakizima kinanda na kuniangalia kwa hasira kabisa.

"Uko na sauti kama hii," akasema kwa Kiswahili chake alichookota kwa wapishi wa masista, "na unaitupa juu ya bantu ya kufa." Yaani watu waliokufa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mtu mzima, tena mzungu, akikukasirikia kwa sababu una kitu cha thamani, utafanya nini? Nilivimba kichwa.

Basi nikaanza kwenda kwake kila siku baada ya soko. Sheria zake zilikuwa nyingi kuliko amri za Mungu. Hakuna pilipili. Hakuna kumwita mtu wa pikipiki kutoka mbali. Nenda mpaka alipo, umwambie polepole. Hakuna kusema siku moja kabla ya kuimba. Kambini wakaanza kuniita sista wa kimya, nami nikawa nawajibu kwa mkono. Sheria iliyozidi zote ilikuwa moja. "Hapana kulia pa kilio. Hata mara moja. Kamba ya sauti ikipasuka, hairudi."

Tulipopumzika ndipo aliponipa maisha yake, kipande leo, kipande kesho, huku akinywa maji ya moto yasiyo na kitu. Alizaliwa Chile, katika mji wa bandari uliojengwa juu ya vilima, nyumba zimepandiana migongo. Mama yake alikuwa dobi. Alipiga pasi mashati ya watu na kuimba, na mtoto akiwa chini ya meza akajifunza nyimbo zote kabla ya kujifunza kusoma. Padri mmoja alimsikia kanisani, akamtafutia shule. Alipotimiza miaka kumi na tisa aliingia jumba la opera la mji mkuu, sauti moja kati ya nyingi, akivaa nguo za wanakijiji na kushika kikapu kisicho na kitu. Miaka minne alishika kikapu kile. Kisha wakampa kusema sentensi mbili, kisha wimbo mmoja, kisha akaenda Ulaya na sanduku moja, akawa anaimba wiki tatu hapa, wiki mbili pale, akilala vyumba vya kukodi ambavyo hakuruhusiwa kupika ndani yake.

"Uliimba nini?" nilimuuliza.

"Wanawake banaokufa."

Nilidhani anatania. Wapi. Akanihesabia kwa vidole: aliyekufa kwa kifua, aliyekufa kwa sumu, aliyejichoma kisu, aliyeruka ukutani. Inaonekana kwao mwanamke akijua kuimba sana, lazima afe kabla watu hawajarudi makwao. Alikuwa amekufa mara zaidi ya mia mbili, na kila mara alifundishwa namna ya kuanguka ili pumzi isikatike, kwa maana maiti ile ilikuwa bado na mistari miwili ya kuimba. Tulicheka siku ile mpaka sista akafungua dirisha kutazama. Alikuwa na mume pia, mpiga fidla, aliyemwacha kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno: mwanamke hasemi leo kwa sababu anaimba kesho, hasemi kesho kwa sababu ameimba jana.

Halafu kulikuwa na hadithi moja aliyonisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yaleyale. Alipokuwa na miaka thelathini na mbili aliitwa kurudi kwao, na kwa mara ya kwanza akapewa kuwa mwanamke mkubwa wa opera nzima katika mji mkuu wake mwenyewe. Asubuhi ya siku ya kuimba mama yake alifariki hospitalini. "Watu yote walisema, rudi nyumbani, ulie. Minyi nilifunga shingo, nilinyamaza siku muzima, na jioni niliimba. Niliimba kilio yote mule. Watu walisimama, walipiga makofi." Akifika hapo alinyoosha mkono kama anaonyesha viti vyote vile. Mimi niliviona. Niliviona Kamina, kwenye chumba kinachonuka chaki, na nikasema moyoni: huyu ni mwanamke wa chuma, na mimi nitakuwa hivyohivyo.

Mama yangu hakugomba nilipoacha kumpokea. Alicheka kwanza. Nilipomwambia ninachunga sauti yangu, akaacha kupepeta unga. "Sauti yako? Ile sauti minyi njo nilikuzala nayo." Kisha akaenda vilio peke yake, mwaka mzima na zaidi, akitupa sentensi na kuidaka mwenyewe. Nilikuwa nasikia kutoka nyumbani. Sauti yake ilikuwa inachelewa mahali pangu. Nilifunga dirisha, niseme ukweli.

Mwaka wa pili Madamu akaja na habari. Rafiki yake wa zamani, kiongozi wa muziki katika lile jumba la opera la mji mkuu wa kwao, angepita Lubumbashi kwa kazi nyingine, na alikubali kupanda ndege ndogo mpaka Kamina, Jumamosi moja, kunisikiliza. Akinipenda, nafasi ilikuwa inaningoja katika shule yao ya kuimba, chakula na kitanda. Madamu alinishika mashavu kwa mikono miwili. Sijawahi kutamani kitu namna ile, wala kabla wala baadaye. Nilikuwa naamka natamani.

Wakati huohuo mama alianza kuvimba miguu. Moyo, walisema. Alilala hospitalini wiki mbili, mimi namletea uji asubuhi kabla ya mazoezi. Siku moja alinishika kanga na kunivuta karibu. "Nikikufa, unililie muzuri. Nimelia bantu yote ya hapa. Usiniache nitoke kimya-kimya."

"Mama, usiseme hivyo."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, ile ya kutunza koo.

Alifariki Jumanne, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mgeni.

Jumatano kabla ya saa sita walimleta nyumbani. Kambi nzima ilikuwa imekuja, na watu wa kwao kutoka vijijini, na wajomba kutoka Kabongo. Si kwa ajili ya samaki. Walikuja kwa sababu hakukuwa na nyumba hata moja pale ambayo mama hakuililia mtu. Sanduku likaingia, likawekwa juu ya mkeka, na wanawake wote wakanigeukia. Mtoto wake wa pekee. Aliyekuwa akimpokea. Nani mwingine angefungua?

Madamu alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa ameniletea kitambaa chake mwenyewe cha shingo, akanifunga nacho asubuhi ile kwa mkono wake, na sasa alikuwa amenishika vidole. Kila pumzi iliponipanda alinibana. Nilikuwa nalia, jamani, msidhani sikuwa nalia. Machozi yalilowesha kitambaa kile mpaka kikashika shingo. Lakini sauti haikutoka. Niliishika hapa, chini ya mbavu, kama alivyonifundisha.

Mama mudogo, mdogo wake mama, aliyepiga magoti upande wa pili wa sanduku, alinitazama. "Fungua," akasema. "Mama yako anangoja."

Nikatikisa kichwa.

"Uko nachunga sauti juu ya nani?"

Ukimya ulidumu, sijui dakika ngapi. Ilitosha watu walio nje kuuliza kama maiti imefika kweli. Mwishowe mama mudogo akafungua mwenyewe, na yeye hana sauti, hajawahi kuwa nayo, ilikuwa inakwaruza tu na kukatika. Wengine wakafuata ovyo. Ndivyo mama yangu alivyotoka nyumbani kwake, yeye aliyewatoa wote.

Baada ya maziko wajomba walikaa kikao. Sikuitwa, ila ukuta wa kambi ni mwembamba. Mkubwa wao alisema bila kupaza sauti: "Mutoto mwenye hakulia mama yake, anajua kenye kilimuua." Hakuna aliyebisha. Hawakunifukuza, hapana, hawakunipiga wala kuniita mulozi, mchawi, mbele ya watu. Tangu siku ile tu wakaacha kula kwangu. Huruma ya Kamina naijua, inakuletea sahani ya bukari, ugali wetu, na kukaa nawe. Mimi niliachiwa sahani mlangoni.

Nilivumilia kwa sababu ya Jumamosi. Nilijiambia: nitaimba, nitaenda, na siku nitakaposimama katika lile jumba nitakuwa namlilia mama mbele ya dunia nzima, siyo mbele ya kambi. Maneno makubwa namna hiyo. Majuto ni mjukuu, nasi tunamlea bila kujua.

Jumamosi nilivua kitambaa cheusi cha kichwa, nikavaa gauni alilonishonea Madamu, nikapita mbele ya wafiwa waliokuwa bado wamekaa kwenye mikeka. Hakuna aliyenisalimia. Ukumbi wa parokia ulikuwa umefagiliwa, kiti kimoja kizuri mbele, jenereta tayari. Tukangoja kuanzia saa nne. Saa saba mvua ikanyesha, ile ya kweli ya Kamina, isiyobisha hodi. Saa tisa simu ya Madamu ikalia. Ndege ilikuwa imezunguka mara mbili juu ya uwanja, rubani akaona maji tu, akarudi Lubumbashi. Mgeni alikuwa na ndege yake ya kwenda kwao kesho yake. Alituma salamu. Alisema mwaka kesho, Mungu akipenda. Mungu hakupenda, wala yeye.

Tulikaa palepale, mimi kwenye kile kiti kizuri. Nilimwonea huruma Madamu, mniamini. Alikuwa amejikunja juu ya kinanda. Nikamwambia, ili nimwinue, "Hata hivyo, weye uliweza. Mama yako alikufa, uliimba, na watu walisimama. Nitaweza siku ingine."

Akainua uso. "Minyi sikuimba," akasema.

Nikangoja amalize sentensi.

"Sikuimba. Nilienda hospitali. Nilipomuona, nililia. Nililia mu couloir, pa mulango ya chumba, chini, kama mama yako analia, na saa moja muzima. Kitu kilipasuka hapa." Akagusa koo, juu ya kitambaa. "Jioni aliimba mwingine. Ule mwingine njo walisimamia."

Alinieleza yote, kwa Kiswahili na Kifaransa na lugha ya kwao vikichanganyika. Kwamba yule mwingine, msichana aliyekuwa akishika kikapu kando yake, ndiye aliyekuja kuwa na picha ukutani mwa jumba lile. Kwamba yeye aliimba miaka sita zaidi na sauti iliyotoboka, katika majumba madogo, kisha madogo zaidi, kisha kwenye harusi, kisha akafundisha watoto wa matajiri, kisha akawaomba masista wamtume mbali. Kwamba kila siku ya maisha yake alijiuliza ingekuwaje kama angefunga mdomo siku ile.

"Kwa hiyo ulitaka kuona," nikasema.

"Nilitaka iwe muzuri kwako."

"Ulitaka kuona ingekuwaje. Kwa mama yangu."

Hakukataa. Nitamsifu kwa hilo, hakukataa. Alilia pale, na hata kilio chake kilikuwa na tundu katikati, pumzi inapita bila sauti. Nilimtazama bila kumgusa. Yeye alimlilia mama yake mpaka akapasuka, akakiita kilio hicho kosa. Angejua mimi ningetoa nini ili nipate lile kosa lake. Nikafungua gauni lake, nikaliacha juu ya kiti, nikavaa kanga na kitambaa cheusi nilivyokuja navyo mfukoni, nikarudi kambini kwa miguu kwenye matope. Nilipofika walikuwa wanakunja mikeka. Kilio kilikuwa kimefungwa, na kilio kikifungwa hakifunguliwi tena na mtu mmoja kwa sababu yeye sasa ana nafasi.

Madamu aliondoka mwaka uliofuata. Yuko kwao, katika nyumba ya wazee, na kila Noeli ananitumia ujumbe kwenye simu wenye maua na nyota. Namjibu, "Aksanti, na weye pia." Kusema simchukii ni uongo, na kusema namchukia ni uongo pia, kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani anayejua ninachokijua isipokuwa yeye.

Alipoondoka, nilipewa korali ya parokia. Mtu anakula kile anachokijua. Nafundisha sauti za juu Jumatano na Ijumaa, na nafundisha kama yeye: pumzi chini, shingo laini, kinywa wazi kama unataka kupiga miayo. Sheria zake nimezitupa zote. Msichana mmoja mwenye sauti nzuri kuliko yangu alifiwa na nyanya yake wiki ya Pasaka, akaja kuniuliza alie au asubiri sikukuu ipite.

"Nenda ukalie."

"Na sauti ikipasuka?"

"Ipasuke. Toka hapa, nenda."

Alikuja Pasaka hana sauti hata ya kusema amina. Nilimweka mstari wa mbele.

Mwaka jana mama mudogo alifariki. Miaka yote ile tulikuwa tunasalimiana njiani tu, habari, nzuri, basi. Binti zake wako Lubumbashi, na treni, mnajua treni yetu, ilikuwa haijafika. Nilikwenda bila kuitwa. Saa nane mchana sanduku liliingia, likawekwa juu ya mkeka, na wanawake wakatazamana. Hakukuwa na wa kufungua. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nikasogea kwa magoti mpaka kwenye sanduku. Nilisema moyoni, mama, hiki ni chako pia, pokea. Nikafungua mdomo. Nilitaka itoke ile ya mama yangu, iliyochanika, yenye makamasi, isiyojali. Ikatoka nyingine. Ikatoka safi, ya mviringo, imekaa juu ya pumzi, kila neno limewekwa mahali pake. Nikajaribu kuiharibu. Nilikaza koo, nilijipiga kifua, nilimwita mama mudogo, nilimwita mama, na kila nilivyozidi kuisukuma, nayo ikazidi kupendeza. Wanawake waliokuwa wameinua mikono kichwani wakaishusha. Waliokuwa wameanza kulia wakanyamaza, mmoja mmoja, wakakaa vizuri kwenye mikeka yao na kunigeukia. Nyumba nzima ikawa kimya inasikiliza.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami, jirani wa marehemu, akafuta macho, akanigusa goti.

"Endelea, mama," akasema kwa upole. "Unaimba muzuri."